Kaburi la Shujaa na Kalamu ya Karani

Ni desturi ya watu wote ulimwenguni kuwakumbuka mashujaa wao, ijapokuwa kila taifa lina njia yake. Huyu hujengewa mnara, yule hutungiwa utenzi, na mwingine jina lake hupewa mjukuu ili lisipotee katika ukoo. Lakini tukiyatazama mambo hayo yote kwa makini, tutaona ya kuwa yanasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni jina. Mnara usio na jina ni jiwe. Utenzi usio na jina ni hadithi. Na mjukuu hawezi kurithi jina ambalo hakuna alijuaye.

Kwa hiyo nataka kuwaeleza wenzangu, hasa wale ambao kazi yao ya kila siku ni daftari na jalada, ya kuwa kaburi la askari aliyetukuka kwa ushujaa halianzi kwa mchonga mawe. Huanza kwa karani. Karani akiandika vema, hata mtu asiye na kaburi hupata mahali pake pa kukumbukwa. Karani akizembea, hapana fundi wala tajiri awezaye kulitengeneza kosa hilo baadaye.

Nitatoa mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zinajulikana. Sajini Nigel Gray Leakey alizaliwa Kenya mwaka 1913, mwana wa mlowezi wa Kizungu. Katika vita vya 1939 hadi 1945 alitumika katika Keya, batalioni ya 1/6. Na batalioni ya sita ya Keya ilikuwa ndiyo ya askari wa Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni hiyo ilikuwa Kolito, kusini mwa nchi ya Uhabeshi, ambayo leo twaiita Ethiopia, ikipigana na Waitaliano kwenye mto Billate. Sehemu ya askari walikwisha kuvuka mto, na Leakey alikuwa akiwasaidia kwa mzinga mdogo wa kurushia makombora, hata makombora yakamwishia. Ghafula vifaru vya Waitaliano vikatokea msituni na kuwaingilia askari waliovuka.

Askari wa miguu mbele ya kifaru ni kama mtu wa mkuki mbele ya ukuta wa chuma. Lakini Leakey alikirukia kifaru kimoja, akakifungua kifuniko chake, akawapiga kwa bastola wote waliokuwamo ila dereva, naye akamlazimisha akiendeshe mpaka mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho usikubali kulia. Ndipo aliposhuka na kwenda kwa miguu katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa na risasi na makombora. Na pamoja na sajini-meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili akaanza kuvinyatia vifaru vilivyosalia. Viwili vya kwanza vilipita. Cha tatu alikirukia, akakifungua, akamwua mmoja wa waliokuwamo. Na papo hapo kifaru cha nne kikampiga kwa bombomu, akaanguka.

Habari hiyo ilitangazwa katika Gazeti la Serikali la London tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na zaidi baada ya kufa kwake, pamoja na habari ya kuwa ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote katika majeshi ya Mwingereza.

Sasa kaburi lake liko wapi? Hana kaburi linalojulikana. Mtu aliyepewa heshima ya juu kabisa hana hata futi sita za ardhi ambazo jamaa yake angeweza kusimama kando yake na kusema, yumo humu. Alilo nalo ni jina lililoandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, katika barabara ya Ngong. Ukumbusho huo una majina ya watu karibu 1,580 ambao makaburi yao hayajulikani. Wamo waliokufa katika safari ya kutoka Kenya kupita Somalia hata kuingia kusini mwa Uhabeshi. Wamo waliokufa katika vita vya Madagaska. Wamo na wale walioondoka Kilindini katika meli Khedive Ismail, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikielekea Ceylon, ambayo kaburi lao ni bahari. Wamo Wazungu, na wamo Waafrika. Aliye na nishani na asiye nayo wako mahali pamoja, kwa kuwa ukuta huo hauulizi mtu alipata nini. Wauliza jina lake tu.

Hayo ni mazuri, wala sina neno la kuyapinga. Lakini nawaomba wenzangu wairudie ile habari ya Kolito waisome kwa jicho la karani. Walioviendea vifaru kwa miguu walikuwa wanne. Wa kwanza ametajwa kwa cheo na kwa majina yake matatu. Watatu waliofuatana naye wametajwa kwa vyeo tu: sajini-meja mmoja Mwafrika, na askari wawili. Walikuwa nani? Watoto wa nani? Kwao wapi? Gazeti halikusema.

Nisieleweke vibaya. Simwonei kijicho Leakey. Alifanya tendo ambalo wachache wangethubutu kulifanya, na alilipa kwa roho yake. Wala sidai kwamba nishani igawanywe kama nyama ya karamu, kila mtu na fungu lake, ingawa ni kweli pia ya kuwa katika vita hivyo vyote hapana Mwafrika hata mmoja wa Afrika Mashariki aliyepewa Victoria Cross. Nasema habari ya majina tu. Batalioni yo yote ina orodha ya watu wake, maana bila orodha hapana mshahara wala posho. Sajini-meja wa kompani si mtu wa kusahauliwa; kila asubuhi ndiye aliyekuwa akizipanga safu. Kuyaweka majina matatu katika habari ile kungegharimu nusu ya mstari. Kama mmoja wao alirudi kwao salama akawasimulia wanawe mambo ya siku ile, basi watoto hao wakilifungua Gazeti hawamwoni baba yao. Watamwona Mwafrika mmoja mwenye cheo, ambaye aweza kuwa mtu ye yote.

Tukirudi nyuma katika vita vya 1914 hadi 1918, jambo hili huwa kubwa zaidi, kwa sababu hapo haukukosekana mstari tu. Yalikosekana madaftari mazima. Mwaka 1917 Waingereza walianzisha Tume ya Makaburi ya Vita, na mwaka 1918 ikakubaliwa kanuni iliyo njema sana: mawe ya makaburi yote yawe sawasawa, ya afisa na ya askari mdogo, ya tajiri na ya maskini. Kanuni hiyo ilishikwa Ulaya. Huku kwetu haikushikwa. Baadhi ya wakubwa wa wakati ule waliandika ya kuwa Mwafrika hajui thamani ya jiwe la kaburi, na kwamba haifai kupoteza fedha kwa jambo ambalo halitafahamika. Makaburi ya askari na ya wapagazi wengi yakaachwa yarudi kuwa pori. Badala yake zikasimamishwa sanamu za shaba, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ambazo sote tumepita mbele yake.

Sanamu hizo ni nzuri kuzitazama. Ile ya Nairobi ina maandishi yanayowasifu askari na wapagazi, kisha yanaahidi ya kuwa mtu akifa kwa ajili ya nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechongwa vizuri. Lakini zunguka sanamu yote, pande zote, utafute jina moja tu la hao walioahidiwa kukumbukwa. Hulioni. Wanawe watalikumbukaje jina ambalo walioahidi wenyewe hawakuliandika?

Mambo haya hayakukaa yamefichwa siku zote. Mwezi wa Aprili 2021 Tume hiyo hiyo ya Makaburi ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe, ikakiri makosa na kuomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi katika Bunge lao. Taarifa ilisema ya kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na wa mataifa mengine nje ya Ulaya, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tazameni tofauti iliyopo kati ya hesabu hizo mbili za mwisho. Hiyo ni tofauti ya watu zaidi ya laki mbili, na hapana awezaye kusema kwa hakika kama walikufa au hawakufa. Msahihishaji wa hesabu akiikuta tofauti ya senti hamsini katika daftari la fedha, karani hatalala usiku. Hapa ni roho za watu.

Tena msidhani ya kuwa jina ni jambo la heshima tu. Ni jambo la haki pia. Wapagazi wa vita vile, ambao jina la jeshi lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikuwa wakiandikwa kwa hesabu na kupewa namba. Mpagazi alipokufa mbali na kwao, na jina lake likawa limeandikwa nusunusu, mshahara wake ulibaki bila mwenyewe. Mjane hakujua pa kuulizia. Na ofisi, hata ikitaka kulipa, haikujua pa kupeleka. Hivyo jina moja lililoandikwa vibaya lilimnyima marehemu kaburi, likamnyima mjane chakula, likawanyima watoto habari ya baba yao.

Najua ya kuwa wako wenzetu watakaoyapinga maneno haya. Yafaa niwajibu.

Wa kwanza atasema, wafu hawali, na fedha za kuchongea mawe zingefaa kununulia dawa za walio hai. Namjibu ya kuwa sikuomba jiwe. Jina huandikwa kwa wino na karatasi, na vyote viwili tunavyo ofisini. Jiwe laweza kuja baada ya miaka mia. Bila jina haliji hata kidogo.

Wa pili atasema, vita vile havikuwa vyetu. Vilikuwa vya Wazungu na Wazungu, na watu wetu wengi walichukuliwa kwa nguvu. Neno hilo lina ukweli mwingi, hasa kwa wapagazi. Lakini mtu aliyechukuliwa kwa nguvu akafia njiani amekwisha kupotea mara moja. Kwa nini sisi tulio ndugu zake tumpoteze mara ya pili? Anayemwandika marehemu hausifu ugomvi uliomwua.

Wa tatu atasema, kama walivyosema wale wakubwa wa zamani, ya kuwa makaburi si desturi yetu. Huyu simjui ametoka wapi. Kila kabila la nchi hizi lina adabu zake za kuzika na za kukaa matanga. Wengine huomba dua na kusoma hitima kwa jina la marehemu, wengine hutambika kwa majina ya wazee wao, wengine huwaombea marehemu wao kanisani. Hata pale ambapo kaburi halijengewi kitu, jina hutajwa. Waliosema hatuyajali majina ya wafu wetu hawakutuuliza.

Na wa nne, ambaye ni wa hatari kuliko wote kwa sababu anakaa meza moja nasi, atasema, hiyo ni kazi ya Serikali, si yangu. Ndugu yangu, Serikali haina mkono wa kuandikia ila mkono wa karani. Tunapolalamika kwamba Serikali ya zamani haikuyaandika majina ya baba zetu, tukumbuke kuwa kila orodha ilipita juu ya meza ya mtu fulani mwenye kalamu, na mtu huyo aliona ya kuwa namba yatosha.

Basi tufanye nini? Nayaleta mashauri manne, nayo hayahitaji bajeti.

Kwanza, tuandike majina kamili katika kazi zetu za kila siku. Jina la mtu, la baba yake na la babu yake, kijiji chake, na kama anaitwa jina jingine nyumbani, liandikwe na hilo. Askari wengi na wapagazi waliandikishwa kwa jina la dini, au kwa jina alilolisikia vibaya mwandishi, hali kwao walijulikana kwa jina jingine kabisa. Juma bin Ali wako wengi mno. Juma bin Ali bin fulani wa kijiji fulani ni mmoja.

Pili, tuwe waangalifu na majalada ya zamani. Yako maofisi ambayo vyumba vyake vya nyuma vina makaratasi yaliyokaa miaka mingi, chakula cha mchwa. Siku ya kusafisha ikifika huchomwa bila kufunguliwa. Kabla ya kuchoma, afunguliwe macho mtu mmoja atazame. Akiona orodha ya askari, au barua ya mjane aliyeulizia mshahara wa mumewe, amwarifu mkubwa wake, na karatasi hizo zipelekwe Nyaraka za Taifa. Msidhani hiyo ni kazi bure. Huko Cape Town, mwezi wa Januari 2025, ulifunguliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vya kwanza, nao walikuwa hawana mahali po pote pa kukumbukwa. Majina hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalipatikana katika makaratasi ambayo kwa bahati njema hayakuchomwa.

Tatu, tuzisaidie jamaa. Askari wa Kolito na wenzao karibu wote wamekwisha kuiaga dunia, lakini wana wao na wajukuu wapo, na ndani ya masanduku yao kuna vyeti vya kuachishwa uaskari, barua, picha, pengine nishani iliyofungwa kitambaa. Tuwaombe kwa adabu watuonyeshe, tunakili namba, jina na batalioni, kisha tuwarudishie mali yao siku ile ile. Asiwepo mtu wa kuichukua nishani ya marehemu kwa kisingizio cha kuitunza.

Nne, tuwaulize wazee walipo. Ziko njia za zamani za majeshi na za wapagazi ambazo wazee wa vijiji huweza kuonyesha, pale wamezikwa watu wa vita. Tuandike mahali hapo kwa vipimo: hatua ngapi toka darajani, upande gani wa barabara, chini ya mti gani. Mti waweza kukatwa, na mzee hakai milele.

Katika yote manne nina onyo moja. Tusikisie. Jina la kubuni ni baya kuliko nafasi tupu, kwa sababu nafasi tupu humwalika mtafutaji, bali jina la uongo humfukuza. Penye shaka aandike karani ya kuwa pana shaka, atie sahihi yake na tarehe.

Naiomba Kamati iliweke jambo hili katika shughuli za mkutano mkuu ujao, na kila tawi limchague karani mmoja wa kuyapokea majina na kuyaweka katika daftari moja, kwa mpango wa herufi, ili yaweze kuchapishwa kidogo kidogo katika karatasi hii ya chama chetu. Na kama kuna mwanachama ambaye baba au babu yake alikuwa katika batalioni ya sita ya Keya mwaka 1941, akasimulia habari za mto Billate na vifaru, basi namsihi asingoje mkutano. Aandike leo, hata kama ni jina moja tu na la baba yake. Wako watu watatu ambao tangu 1945 wanajulikana kwa vyeo tu, na hatuwezi kusema kwamba tumewatafuta mpaka tuwe tumeulizana sisi kwa sisi.

Mimi, Mwanachama